Kiingilio Kisichorudi

Sijawahi kudaiwa. Nataka hilo lijulikane mapema, kabla sijaeleza nilivyokosa nyumba. Nilisomesha watoto wanne kwa nyanya na vitunguu nilivyouza sokoni Morogoro, mimi mwenyewe nikiwa nimeishia darasa la nne, na hakuna mwenye duka aliyewahi kusimama mlangoni kwangu kuulizia hela yake. Mume wangu alipofariki, jeneza lake lilikuwa la mninga na lililipwa siku hiyohiyo. Kuna watu huzika kwa ahadi. Mimi sikuzika kwa ahadi.

Sasa mtu kama huyo umwone ameketi katika kiofisi nyuma ya jengo letu, mtaa wa Phillips, huku Amerika, mbele ya binti mwenye kucha za zambarau anayetafuna bablishi, anaambiwa kwamba haaminiki.

Ilikuwa hivi. Nyumba tuliyokuwa tukikaa, chumba na sebule ghorofa ya pili, ilikuwa kwa jina la binti yangu. Binti yangu ni nesi. Aliolewa mara ya pili na mwanamume mpole, Mtanzania mwenzetu, wakanunua nyumba Coon Rapids, nje ya mji, karibu na hospitali anayofanya kazi. Wakasema, "Mama, utakaa na sisi. Kuna chumba kizima chini." Chini maana yake chini kweli, chini ya ardhi. Nilishakwenda kukiona. Dirisha lake liko usawa wa majani, na ukichungulia unaona matairi ya gari na miguu ya mbwa wa jirani.

Sikutaka. Coon Rapids hata chumvi inafuatwa kwa gari, nami siendeshi. Phillips nilikuwa natembea. Natembea kwenda kazini, nyumba ya kutunzia wazee, ambako nakunja mashuka na taulo. Wazee wengine mle ni wadogo kuliko mimi. Natembea kwenda kanisani. Nyama ya mbuzi nanunua kwa Msomali aliyekulia Mombasa, na nikijaribu kupunguza bei ananitukana kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Siku nzima inaweza kupita sijamwomba mtu yeyote anipeleke popote. Kwa umri wangu huo ndio utajiri.

Basi nikaenda kuomba nyumba ileile iandikwe kwa jina langu. Mshahara wangu ulitosha, kodi nilikuwa nalipa mimi tangu binti yangu ahame. Nilikwenda na mjukuu wangu mkubwa wa kike awe mdomo wangu. Huyo nilimlea mimi mama yake akiwa kazini usiku na mchana. Leo ana digrii, anafanya kazi Golden Valley katika jengo la vioo ambamo kila mtu ana kiti cha kuzunguka, na picha yake ya joho nimeitundika mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Kiswahili anakielewa chote. Kujibu anajibu Kiingereza, na kwa miaka yote hii tumekuwa tunasemezana hivyo, kila mmoja na lugha yake, na hatujapotezana sana.

"Anasema huna krediti, Bibi."

"Mwambie sijawahi kudaiwa na mtu."

Akamwambia. Yule wa kucha za zambarau akatabasamu, si kwa ubaya, akasema neno. Mjukuu wangu akanigeukia polepole.

"Anasema hilo ndilo tatizo."

Tulipotoka nje nilimwuliza anieleze vizuri, akanieleza tukiwa tumesimama kwenye theluji ya kwanza, nami naeleza nilivyoelewa. Nchi hii kuna watu wasioonekana ambao kazi yao ni kuchungulia unavyokopa na unavyolipa, halafu wanakupa namba. Usipokopa hawana cha kuchungulia. Na asiye na namba ni kama aliyeshuka uwanja wa ndege jana, hata kama amezeeka hapahapa.

Binti yangu alikubali jina lake libaki mwaka mmoja zaidi. "Mwaka mmoja tu, Mama," alisema. "Mwenzangu hapendi nifungwe na nyumba nisiyolala. Ukipata hiyo namba, kaa. Usipopata, unakuja." Nikasema sawa. Mwaka ni mrefu. Ndani ya mwaka mtu analima, anavuna na anauza.

Hapo lazima nieleze kuhusu kikoba chetu, maana bila kikoba hamtaelewa nilivyofikiri.

Sisi kina mama tuna kikoba. Watanzania tulio wengi, na Wakenya wachache wanaokiita chama. Tunakutana Jumapili baada ya ibada, nyumba ya huyu leo na ya yule kesho. Ukiingia unatoa kiingilio. Kisha kila mkutano unaweka hisa, na kidogo cha mfuko wa jamii wa misiba na uzazi. Anayetaka mkopo anakopa na kurudisha na riba. Desemba tunavunja. Kila kilichoingia sandukuni, kiingilio, riba, faini za wachelewaji, vyote vinamwagwa mezani na kila mmoja anaondoka na chake kilichonenepa. Nimekuwa kwenye vikoba tangu Morogoro, nilikuwa mmoja wa watatu wanaoshika funguo za sanduku. Hela ikiingia mahali kwa jina la kiingilio, mimi najua mwisho wa mwaka itarudi na watoto wake.

Katika kikoba chetu kuna Mkenya mmoja, anaogesha wazee kwenye nyumba ninayofanyia kazi. Yeye ndiye alinionyesha kadi ya mkopo, njia ya kupata ile namba.

"Shosho, mimi sikuwa na krediti hata kidogo," aliniambia akikunja chapati; shosho kwao ni bibi. "Kila benki ilinikataa. Hawa peke yao ndio walinikubali. Ilinikula vibaya, siwezi kukudanganya. Lakini nyumba si nilipata?"

"Inakula vipi?"

"Kuna pesa unalipa kabla hata hujaiona. Halafu kuna ya kila mwaka."

"Kiingilio."

"Eeh, tuseme kiingilio. Hapa Amerika lazima uumwe kwanza ndio wajue uko."

Wenzetu walicheka. Mimi nilikuwa nimeshasikia nililotaka kusikia.

Mjukuu wangu alikuja Jumamosi na habari nyingine. Aliweka simu yake mezani, kando ya bakuli la unga, akanieleza njia mbili. Ya kwanza ilikuwa benki ya ushirika, ile ya wanachama, jengo dogo nililokuwa napita kila siku nikienda kazini. Pale unaweka dola mia tatu, wanazishika, wanakupa kadi ya dola mia tatu. Haina ada ya mwaka. Ukilipa vizuri baada ya muda wanakurudishia zako. Ya pili ilikuwa ile ya Mkenya. Dola tisini na tano kabla haijafunguliwa, kisha sabini na tano kila mwaka, na hizo sabini na tano zinakatwa humohumo, kwa hiyo kadi ya mia tatu inakufikia ikiwa imeshaumwa robo.

Nilimwuliza: "Hawa wa ushirika wanataka hela yangu waishike, halafu wanikopeshe hela yangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hiyo ni rehani."

"Ni amana tu. Inarudi."

"Rehani, mama. Kwetu anayeweka rehani ni mlevi. Anapeleka baiskeli kwa mwuza gongo. Mimi nimeshika ufunguo wa sanduku la watu, leo niweke rehani ili niaminiwe na mtoto anayekaa nyuma ya kioo?"

"Na hii nyingine, je? Hela yako inakwenda moja kwa moja. Haikufanyii chochote."

"Ni kiingilio."

"Bibi, si kiingilio. Ni bei."

Neno hilo alilisema kwa Kiswahili, bei, na sikulitilia maanani. Nilijisemea moyoni, mtoto huyu ana digrii lakini hajawahi kukaa kwenye kikoba hata siku moja, atajulia wapi namna hela inavyolala na kuamka. Anayekutoza kiingilio amekukubali uwe mwanachama. Anayekudai rehani amekuona mwizi. Kwangu mimi mambo yalikuwa wazi kama maji ya mtungi.

"Wewe mke mwenzangu una wivu," nilimtania. "Hutaki bibi yako awe na kadi nzuri kuliko yako."

Hakucheka. Alinijazia maombi ya kadi ya Mkenya kwenye simu, midomo ameibana kama mtu anayeshona. Alipomaliza alisema jambo moja tu: nikiipata nitumie kidogo, sabuni na chumvi, nilipe yote, basi.

Kadi ilikuja. Nyeusi, ina mstari wa dhahabu, jina langu lote limeandikwa kwa herufi za kuinuka. Sikuwahi kuona jina langu limeinuka namna ile. Nilipitisha kidole juu yake mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima.

Na sikununua sabuni. Katika kikoba anayekopa shilingi mbili hakuna anayemkumbuka. Anayesifiwa ni yule anayekopa mpaka watu wanaguna, halafu siku ya kurudisha anaweka zote mezani na riba yake, noti zimenyooka. Huyo ndiye mwakani anapewa mkopo mkubwa zaidi. Kwa hiyo kila mwezi niliijaza ile kadi mpaka ukingoni. Mchele, mafuta, nyama, unga wa ngano wa magunia, blanketi la mjukuu mdogo. Nikipata mshahara nalipa yote, sibakizi hata senti. Nilijiona nimewaonyesha.

Kumbe wale wachunguliaji hawachungulii siku unayolipa. Wanachungulia siku yao. Na kila siku yao walipochungulia walimkuta mwanamke amekopa mpaka hana pa kupumulia. Mwezi baada ya mwezi, wao wanaona hivyohivyo. Mjukuu wangu aliligundua hilo majira ya kuchipua, akaja mbio kuniambia.

"Bibi, nilikwambia sabuni!"

"Si nalipa yote?"

"Unalipa, ndiyo. Lakini wao wanaona umebanwa. Wanadhani huna hela."

"Basi ni wajinga."

"Ni wajinga," alikubali. "Lakini wao ndio wanaotoa namba."

Nikaanza kununua sabuni. Nilinunua sabuni na chumvi kama mjane wa jana. Lakini kadi ya mia tatu iliyoumwa robo ni kadi ndogo, hata mafuta ya kupikia yanaijaza.

Mwisho wa kiangazi tulirudi kwenye kile kiofisi. Kucha safari hii zilikuwa za kijani. Aliandika, akasubiri mashine yake, akasoma.

"Namba unayo sasa," mjukuu wangu alinitafsiria. "Ila haifiki wanapotaka."

"Imepungua kiasi gani?"

Akanionyesha kwa vidole viwili, nafasi ndogo katikati, kama anapima chumvi. Sijui namba kubwa, lakini ile nafasi niliiona vizuri.

Yule binti alikuwa na roho nzuri, siwezi kumsingizia. Alisema kuna njia. Mtu mwenye namba nzuri atie sahihi pamoja nami, awe mdhamini. Akamtazama mjukuu wangu. Mjukuu wangu alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kalamu.

Nikamshika mkono.

Nimeona udhamini mimi. Morogoro palikuwa na mama jirani yetu, mdhamini wa shoga yake kwenye mkopo wa kikundi. Shoga akahama usiku. Wanakikundi wakaja mchana kweupe kwa yule mdhamini, wanawake aliokuwa akisuka nao ukili, wakabeba kitanda, wakabeba sufuria yenye maharage jikoni, wakamwaga maharage chini ili wachukue sufuria. Nilikuwepo. Kikundi kilikuwa changu. Sisemi nilibeba nini.

"Bibi, niache nitie sahihi."

"Hutii."

"Utalipa kodi. Najua utalipa."

"Nikiumwa nani atalipa? Nikifa?"

"Nitalipa mimi!"

"Ndiyo maana hutii."

Yule binti aliacha kutafuna. Hakuelewa neno, lakini ugomvi wa bibi na mjukuu hauhitaji mkalimani. Mjukuu wangu alianza kulia palepale, machozi ya hasira, akiwa na kitambulisho cha kazi kimening'inia shingoni. Alisema kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba nimemlea, nimempikia, nimemsubiri kwenye kituo cha basi kwenye baridi ya kukata masikio, na kitu kimoja anachoweza kunipa nakikataa kwa kiburi. Nilielewa kila neno. Kulikuwa na kiburi, ndiyo. Lakini yeye anataka kununua nyumba yake siku moja, na namba yake ndiyo jembe lake. Sikumlea ili niazime jembe lake kisha nilivunje.

"Twende," nilisema. Tukaenda.

Nilikutana na yule Mkenya kazini, kwenye chumba cha mashuka, nikamwambia kadi yake imeniangusha. Akasimama na rundo la taulo mkononi.

"Woi, shosho. Pole sana." Akafikiri kidogo. "Lakini mimi pia nilikuwa na mkopo wa gari. Nililipa hiyo gari miaka. Labda ni gari ndiyo ilinipa nyumba."

"Hukuniambia kuhusu gari."

"Hukuniuliza, shosho. Uliuliza kadi."

Ni kweli, niliuliza kadi. Nikakunja shuka langu, naye akakunja lake.

Tulihama siku ya mvua. Mkwe wangu alibeba kila kitu mwenyewe, hakutaka niinue hata kikapu, akawa ananiita Mama kila ngazi moja: pole Mama, angalia Mama, hapa panateleza Mama. Wema wake ulinichosha kuliko mizigo. Chumba cha chini alikuwa ametandika zulia jipya na kuniwekea taa tatu, maana mchana ni giza. Msomali wa nyama nilimuaga asubuhi ile. Alinifungia ini bure, akasema, "Wewe mwanamke umenitia hasara miaka yote hii, nenda." Nilimtukana nikatoka kabla hajaniona usoni.

Kazi niliibakiza siku mbili kwa wiki badala ya tano, siku ambazo zamu ya binti yangu inaruhusu anipeleke na kunirudisha. Siku nyingine nasubiri. Chumvi ikiisha nasubiri. Jumapili ya kikoba nasubiri mtu akumbuke kunipitia, na ninapofika nimechelewa natozwa faini kama wengine. Nililipa faini bila neno. Sheria ni sheria.

Lakini nilikuwa na tegemeo moja bado. Mwaka wa kadi ulikuwa unakaribia kutimia. Niliwaza nikigawiwa, zile tisini na tano na zile sabini na tano, na faida yoyote watakayokuwa wameizalisha huko, nitaanzia hapo kutafuta pango mahali pengine Phillips, hata chumba kimoja. Sikumwambia mtu. Nilitaka niwaone nyuso nikiziweka mezani.

Nilimpigia mjukuu wangu simu.

"Watavunja lini?"

"Nani, Bibi? Wavunje nini?"

"Wenye kadi. Mwaka unaisha."

Nilisikia viti vya kuzunguka vya Golden Valley nyuma yake, na mtu anacheka mbali. Halafu akacheka yeye, kidogo, kama mtu aliyejikwaa, akaacha ghafla.

"Bibi. Mwaka mzima ulikuwa unafikiri wanarudisha?"

"Kiingilio kinarudi."

"Hakirudi. Hakikurudi kwa mtu yeyote. Nilikwambia ni bei."

"Bei ya nini? Nimenunua nini mimi?"

Akaniambia nisubiri, akaingia kwenye simu yake kutazama kadi yangu, na aliporudi sauti ilikuwa imeshuka. Mwaka wa kwanza hauvunjwi. Mwaka wa pili unaanza. Ada ya mwaka inakatwa tena, na safari hii kunaongezeka ya kila mwezi, ambayo mwaka wa kwanza walikuwa wamenisamehe. Kumbe walikuwa wananizoesha, kama unavyomzoesha kuku kwa punje mpaka anaingia ndani mwenyewe.

Nilikaa kwenye kitanda changu chini ya ardhi. Si hela iliyoniuma zaidi, hela nimepoteza nyingi maishani. Kilichoniuma ni kwamba mle ndani hakuna wenzangu. Mwaka mzima nilifikiri mahali fulani kuna sanduku, na watu wengine kama mimi wameweka chao, na tunangoja pamoja. Hakukuwa na sanduku. Nilikuwa peke yangu na wao.

Mjukuu wangu alikuja Jumamosi, akakaa sakafuni kwenye zulia jipya la mkwe, tukalijadili kama watu wazima wawili. Nikiifunga kadi, namba itashuka, maana ndiyo kadi pekee niliyonayo. Nisipoifunga, inakula kila mwezi hata nisiponunua kitu.

"Kwa hiyo nikitoka naumia na nikibaki naumia."

"Ukibaki unaumia kila mwezi. Ukitoka unaumia mara moja." Akavuta nyuzi za zulia. "Lakini tufungue kwanza ile ya ushirika. Ili usirudi sifuri."

"Ile ya rehani."

"Ile ya rehani," alisema, na hakunisahihisha.

Alinipeleka. Nyuma ya kioo alikuwa mama wa Kikongo wa makamo, kilemba cha kitenge, akaniamkia kabla sijamsalimu. Niliweka dola mia tatu kwenye kaunta, noti zimenyooshwa, na mkono wangu ukakataa kuziachia. Umri huu, mkono ukakataa.

"Mama, makuta yako haipotee," aliniambia; makuta kwao ni hela. "Tunaikamata tu. Ukifunga, tunakurudishia yote."

"Yote?"

"Yote, Mama. Kama ulivyoileta."

"Mnanishikia kwa sababu hamniamini."

Alinitazama. Angeweza kunidanganya, wengi wangenidanganya. "Hatukujue, Mama," alisema. "Kuamini inakuja nyuma."

Nikaziachia. Nimebeba jibu lile mpaka leo. Sijalipenda, lakini halikuwa na dhahabu pembeni.

Kadi nyeusi tuliifunga kwa simu. Nililipa kilichokuwemo kwanza, pamoja na ada mpya waliyokwishaikata. Mtu wa upande wa pili aliuliza kwa nini naondoka, akauliza tena kwa maneno mengine, kisha akasema wako tayari kunipandishia kiwango cha kukopa. Mjukuu wangu alitafsiri huku akinitazama, anaogopa nitakubali. "Mwambie kamba ndefu ni kamba," nilisema. Sijui alitafsiri vipi, lakini aliyeongea upande wa pili hakutaja kiwango tena, akatuaga.

Wanawake wa kikoba wananiuliza sasa. Wengi wana mabinti waliohama, au mikataba ya pango inayoisha, au wameletewa kadi kama ile na rafiki mwenye nia njema. Nawaambia moja kwa moja. Kama umekataliwa kila mahali na huna hata mia tatu ya kushikiwa, labda uichukue, mwaka mmoja, sabuni tu, na utoke kabla mwaka haujageuka. Kama una mia tatu, kaziweke rehani kwa ushirika na umeze mate. Usiihesabu ada yao kama hisa. Wengine wananisikiliza. Mmoja aliniuliza, "Sasa bibi, wewe ulipata nyumba?" Nikamwambia kwamba nakaa Coon Rapids.

Namba ilishuka kama mjukuu wangu alivyosema, kisha ikaanza kupanda tena, taratibu, kama mgonjwa anayejifunza ngazi. Ananiambia labda mwakani itafika. Ila mwenye nyumba anatazama na mshahara pia, na mshahara wa siku mbili kwa wiki haufikii kodi ya Phillips. Ili nirudi kwenye siku tano lazima nikae karibu na kazi, na ili nikae karibu na kazi lazima niwe na siku tano. Hilo mjukuu wangu hajalisema. Nimelihesabu mwenyewe, kwa darasa langu la nne.

Wiki iliyopita mkwe wangu aliteremka na vikadi vya rangi, vile vya kuchagulia, amevipanga mkononi kama mcheza karata. Anataka kupaka chumba changu kabla ya baridi. Bluu, maziwa, kijani cha majani ya mgomba. Akavishika karibu na dirisha ili mwanga uviguse, akasubiri.

"Chagua, Mama. Chumba ni chako. Rangi ya kukaa nayo."

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye ngazi, ananitazama mimi, hatazami rangi. Alijua anachoniuliza mume wake, hata kama mwenyewe hakujua.

"Acha ilivyo kwanza, baba," nilimwambia.

Akasema sawa, Mama, akavirudisha mfukoni. Nikamsikia anapanda ngazi polepole, na juu wakaanza kuongea kwa sauti ya chini.